Msitu wa Sebuleni, Msitu wa Mlimani: Mafunzo Niliyopata Kanja

Binti yangu ni muuguzi Leeds, Uingereza. Alipokuja likizo aliniletea Nintendo Switch pamoja na Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi iliyotoka Oktoba 2019. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba presha imepanda, na kwamba magoti yangu hayatapona kwa kukaa. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Embu. Nyumba yetu ya Kanja iko pale ambapo kahawa inaishia na chai inaanza, ukipanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Asubuhi nikifungua dirisha la jikoni nauona mlima. Jioni, mle mle ndani ya nyumba, nikawa nakimbia kwenye milima mingine ya rangi tamu, iliyochorwa Japani.

Gemu za namna hii nazipenda na bado nazicheza. Lakini mtu anayeishi chini ya msitu halisi hawezi kuutazama msitu wa kwenye runinga bila kuulinganisha na wake, na katika kulinganisha huko nimejifunza mengi.

1. Jasho la sebuleni ni jasho halali

Katika Ring Fit unashika duara la plastiki linalobonyea, na kidude kingine unakifunga pajani. Ukikimbia papo hapo, mtu wa kwenye runinga naye anakimbia. Ukilibana duara, linatoa upepo wa kuvunja vizuizi. Ukifika kwenye ngazi unainua magoti juu, na adui akitokea unapigana naye kwa kuchuchumaa na kunyoosha mgongo. Baada ya dakika ishirini fulana imelowa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki. Kwa anayechuma chai hilo si jambo la kuambiwa. Kwa mwalimu anayekaa akisahihisha madaftari mpaka usiku, ni shida. Mvua za Aprili zikianza, udongo mwekundu wa huku hauna huruma na goti bovu, na saa moja jioni giza limeshaingia. Mwanamke wa umri wangu akionekana anakimbia barabarani saa hiyo, kila anayepishana naye atasimama kumuuliza kuna msiba gani. Wanaosema gemu zinatufungia ndani wakati nje kuna dunia nzuri wajiulize kwanza nje hiyo iko wazi kwa nani, na saa ngapi. Mimi nilipata nguvu za kupanda mlima kwa kuanzia kwenye zulia.

2. Msitu wa gemu hauna mwenyewe

Katika Ring Fit unapita nyika, mito, madaraja na magofu. Sarafu zinaelea hewani zikikusubiri. Unaokota vyakula njiani na kuvigeuza vinywaji vya kukuongezea nguvu, na hakuna anayekuuliza umevitoa shamba la nani.

Nilipomtembelea binti yangu huko Leeds nilikuta ana baiskeli iliyofungwa sebuleni, ameiunganisha na Zwift, programu iliyoanza 2014. Dunia yake kubwa inaitwa Watopia. Ina volkano, msitu mnene, na mlima wenye kona 21 ulionakiliwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa. Watopia ni ya kubuni, lakini safari zake zikipelekwa kwenye programu za ramani huangukia mahali halisi, kisiwa cha Teanu katika Visiwa vya Solomon. Teanu kuna watu, wana lugha yao, mashamba yao na makaburi yao. Maelfu ya waendesha baiskeli hupita juu ya kisiwa hicho kila siku, na katika mchezo hakuna nyumba hata moja ya mtu wa Teanu. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sisi pia tunaishi chini ya mlima ambao watu wengi duniani wanaujua kwa picha tu.

Kanja huwezi kunyoosha mkono ukashika mti usio na mwenyewe. Miti ya mikima iliyopandwa mpakani ni ya fulani, na fulani anajua ni mingapi. Ukipita mashamba ya watu unafika kwenye ukanda wa chai ya serikali, ile ya shirika la Nyayo Tea Zones lililoanzishwa 1986 ili chai iwe uzio kati ya mashamba na msitu. Ukivuka hapo uko mikononi mwa Huduma ya Misitu. Kuni zina kibali cha kulipiwa, na tangu sheria ya misitu ya 2005, iliyofuatwa na nyingine ya 2016, kuna vyama vya jamii vinavyoshiriki kuutunza msitu na kupata haki ya kuutumia kwa masharti. Anayetaka kukimbia humo sharti ajue anaingia kwa idhini ya nani. Kwangu masharti hayo hayapunguzi raha ya msitu. Ndiyo yanayonikumbusha kwamba niko mahali pa watu.

Haki itendeke kwa Zwift. Kuna timu ya baiskeli inayoitwa Amani, ya vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda, na kupitia programu hiyo iliwahi kushindana na wazungu bila kuhangaikia viza wala nauli. Nahodha wake, Mkenya Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya Vermont, Marekani. Watu wa timu hiyo hawakutosheka na mashindano ya kwenye mashine. Mwaka 2021 walianzisha Migration Gravel Race, siku nne za vumbi na mawe upande wa Maasai Mara, takribani kilomita 650, na wageni wakaja wenyewe kuonja barabara za huku.

3. Anayefanya kazi haonekani, na hasifiwi

Jirani yangu, mama anayechuma chai, aliingia siku moja kurudisha sufuria akanikuta natokwa jasho mbele ya runinga. Alitazama kwa makini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na kwa hayo yote unalipwa na nani?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa, akitaka kujua. Yeye hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, amejifunga plastiki kiunoni kwa ajili ya umande. Nimesimama kando yake mara nyingi nikimtazama. Anashika chipukizi pamoja na majani mawili kati ya kidole gumba na cha shahada, anavunja bila kuvuta, na kabla mkono huo haujafika kikapuni mwingine umeshavunja. Macho yako mbele, yanachagua kichaka kinachofuata. Kikapu kikijaa anakipandisha mgongoni na kupanda nacho hadi kituo cha kuuzia majani. Huko anayamwaga, anayachambua, na kuingia foleni ya mizani kungoja lori la kiwanda. Kuchuchumaa, kunyoosha mgongo, kuinua magoti kwenye mteremko, yote yanayonitoa jasho kwenye gemu yumo ndani yake tangu alfajiri.

Gemu za mazoezi zimetengenezwa na watu wa mjini kwa ajili ya watu wa mjini, na humo mlima ni mahali pa kupumzikia baada ya kazi. Hazina mtu anayefanya kazi mlimani. Mtoto akizicheza sana anaweza kuamini kwamba kupanda kilima ni mazoezi ukivaa raba na ni adhabu ukibeba mtungi. Mjukuu wangu alikuwa na dalili hizo. Kuchuchumaa mara hamsini kwa ajili ya sarafu ilikuwa raha kwake, lakini kutoka mtoni na lita kumi za maji alinuna.

Nilichogundua ni kwamba gemu ina kitu ambacho sisi hatuna. Inasifu. Kila ukiinama vizuri unaambiwa umeinama vizuri, na ukichoka inakuuliza kama upunguziwe. Shambani nani humwambia mtoto amebeba vizuri? Nilianza kumwambia, na kumwonyesha jinsi ya kuweka mguu ili mgongo usiumie, kama gemu inavyofanya. Hakuacha kununa siku hiyo hiyo, lakini sasa hushindana na nduguze nani atapanda bila kumwaga tone.

4. Kijani kitupu

Pokémon GO ilitoka Julai 2016, na ndiyo iliyowatoa watu wengi zaidi nje ya nyumba. Unatembea na simu, viumbe wanatokea, mayai yanaanguliwa baada ya kilomita kadhaa. Vituo vyake vilitokana na mchezo wa awali ulioitwa Ingress, ambamo wachezaji wenyewe walipendekeza sanamu, makanisa na bustani za kwao. Matokeo yake ni kwamba mjini kwenye wachezaji wengi kila kona ina kitu, na vijijini unaweza kutembea saa nzima katika kijani kitupu. Penye miti mingi kwenye ardhi ndipo penye upungufu mkubwa kwenye simu.

Kuna kiumbe mmoja wa mchezo huo ambaye wanafunzi wangu walimpenda mara moja. Anaitwa Tropius, na huonekana hasa Afrika na sehemu za Mediterania. Ana majani mapana mgongoni badala ya mabawa, na shada la matunda kama ndizi linaning'inia shingoni. Watoto wa Embu, ambao wamelala usingizi wa mchana chini ya migomba tangu wakiwa wachanga, walimtambua kama mtu wa nyumbani. Mmoja aliuliza akikatwa shada, je, anachipua mwana pembeni? Hilo ni swali la sayansi, na lilinipa somo zima la jinsi mgomba unavyozaa.

Tangu mwisho wa 2017 ramani ya mchezo huo imetegemea OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Basi tukaanza kuchora. Watoto walitembea kwa jozi wakiandika njia za miguu, vivuko vya Mto Ena na vituo vya chai. Hawakuwa wakicheza gemu yoyote, lakini walikuwa wakitembea zaidi ya anayecheza, na jioni walirudi na majina ya mahali ambayo mimi sikuwahi kuyasikia.

5. Kuna msitu usiokimbiliwa

Kazi hiyo ya ramani ndiyo iliyotufikisha Kirimiri. Ni kilima chenye msitu upande wa Runyenjes. Wazee wa Embu wanakiheshimu kama mahali patakatifu, na wakati wa vita vya Mau Mau wapiganaji walijificha humo. Wanafunzi wawili walitaka kuweka kila pango na kila mti wa ibada kwenye ramani. Niliwaambia twende kwanza kwa mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa msichana hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliufanya msitu wa mlima kuwa marufuku, kisha ikawalazimisha wanavijiji kuchimba mtaro mrefu ukingoni mwake, wenye vijiti vilivyochongwa ncha ndani, ili walioko msituni wasipate chakula. Mama ni mmoja wa waliochimba. Alipokuwa akiishi nasi alizoea kuketi kwenye kochi akinitazama nikicheza, na jioni moja aliniuliza yule wa kwenye runinga anakimbizwa na nani.

"Hakimbizwi, mama. Anafanya mazoezi."

"Basi si atembee, auone huo msitu!"

Wanafunzi aliwapokea vizuri, akawapa uji. Kuhusu mapango alisema kuna mahali mtu huonyeshwa akiwa amesimama hapo, na mwenye kumwonyesha akiwa kando yake. Hawakuyaweka. Mmoja wao alisikitika, na nilimwelewa, kwa sababu amekulia kwenye michezo ambayo kila pango lina zawadi na kila mlango uliofungwa una ufunguo mahali fulani. Nadhani hicho ndicho kitu kikubwa ambacho gemu hutufundisha bila kutamka, kwamba mandhari yote ipo ili ifunguliwe. Huku kwetu kuna mahali ambapo heshima ni kupita mbali, na mtoto anahitaji kulijua hilo mapema kama anavyohitaji kujua kuogelea.

6. Mlima una siku zake

Milima ya gemu huonekana saa zote. Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, hujitokeza alfajiri, na mara nyingi saa nne wingu limeshaufunika. Julai unaweza kukaa wiki nzima na ukungu. Kilele chake cha Batian kina mita 5,199, na kuna watu waliozaliwa Kanja ambao hawajawahi kufika hata kwenye mianzi, wala hawajihisi wamepungukiwa. Asubuhi ukiwa safi, watu husimama njiani na kuambiana kwamba leo umetoka.

7. Ardhi hupona, lakini si kwa hatua moja

Adui mkuu wa Ring Fit ni joka la misuli linaloitwa Dragaux. Kila linapopita, giza linaifunika nchi. Wewe unakimbia, unapigana nalo kwa mazoezi, na ukishinda nchi inang'aa tena. Mwanzoni niliona ni hadithi ya watoto tu. Sasa naona ndiyo sehemu bora ya mchezo huo, kwa sababu inaunganisha jasho la mtu na uzima wa ardhi. Tatizo lake ni mwendo tu. Nchi inapona palepale, na ukirudi kesho hakuna kisiki.

Sisi tuna visiki. Mwaka 1999 Huduma ya Wanyamapori ilirusha ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya kuhesabu uharibifu. Ilikuta maelfu ya miti ya muthaiti iliyokatwa, tanuri za makaa na mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu. Mwaka uliofuata msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Muthaiti hukua polepole mno. Mwiria nao uliponzwa na gamba lake, linalotumika kutengeneza dawa ya tezi dume Ulaya. Ukichunwa kuzunguka shina lote, unakufa umesimama. Biashara yake imewekewa udhibiti wa kimataifa tangu 1995. Juu kabisa, barafu ambayo babu zetu waliiona ikiwa nene imebaki vipande.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nimewapa zoezi ambalo gemu haiwezi kuwapa. Kila mmoja ana mche wake wa mwiria kandokando ya uwanja wa shule. Wanaubebea maji wakati wa kiangazi, na watamaliza shule kabla haujawapa kivuli. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement 1977 kwa akina mama, mbegu na majembe, na hesabu yake aliipiga kwa miaka. Ninapowaona watoto wakishindana nani mche wake umeongeza jani, najua wamechukua ari ya gemu na kuitia kwenye mwendo wa mti.

8. Tuchore gemu yetu

Muhula uliopita niliwapa karatasi kubwa na kuwaambia wabuni gemu ya mazoezi ya Kanja. Sikuwasaidia. Walianza na barabara ya lami, kisha matope, na matope yakapewa nguvu ya kumvua mchezaji viatu. Wakaweka mbega mitini, na wakakubaliana kwamba mbega hakamatwi wala haleti alama, anaonekana tu halafu anaruka zake. Wakamweka bibi kivukoni ambaye lazima umsalimu, na usipomsalimu njia haifunguki. Kila mmoja alisema bibi huyo ni wake.

Ugomvi ulitokea kwa ndovu. Wavulana walitaka awe adui wa mwisho. Wengine walikataa, wakisema ndovu yuko kwake, na ndiyo maana shirika la Rhino Ark lilianza kujenga uzio wa umeme kuuzunguka mlima 2012, ili yeye akae kwake na sisi kwetu. Msichana mmoja aliyekuwa kimya alisimama akasema kwao, kabla ya uzio, ndovu walimaliza mahindi na maharagwe usiku mmoja, na baba yake akaenda kutafuta kibarua Mwea. Usiku huo alikuwa adui, akasema, na asubuhi yake alikuwa ndovu tu. Darasa lilinyamaza kidogo, halafu kelele zikarudi maradufu.

Yeye ndiye aliyetoa pendekezo lililopita. Mchezaji akikutana na ndovu hapigani. Anarudi nyuma na kupandia upande wa pili, katikati ya chai, na akikuta ni saa ya kupeleka majani lazima ambebee mtu kikapu hadi kwenye mizani. Kinachobishaniwa sasa ni kikapu hicho kiwe na kilo ngapi. Wavulana wanasema tano, na jirani yangu, ambaye walikwenda kumuuliza, amewaambia wasianze chini ya kumi.